Kwa mwenye kadi ya kijani, duka la bangi si kazi kama kazi nyingine

Mwenzetu ameuliza: mdogo wake yuko Denver, jimbo la Colorado nchini Marekani, kwa kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu), ameitwa kazini katika duka la bangi lenye leseni ya jimbo, mshahara ni mzuri, je, kuna ubaya gani ikiwa Colorado yenyewe imeruhusu? Najibu kwa sababu kazi hiyo nimeifanya. Nilikuwa mtunza hesabu wa duka la namna hiyo mjini Aurora kuanzia Agosti 2015, kwa miezi 14.

Kwanza aelewe ni nini hasa kilichoruhusiwa. Wapiga kura wa Colorado walipopitisha Marekebisho ya 64 ya katiba ya jimbo, yaliyohalalisha bangi, mwezi Novemba 2012, waliwafunga mikono polisi na mahakama za jimbo lao tu. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970, iliyoiweka bangi katika daraja la kwanza la dawa zilizodhibitiwa, pamoja na heroini, haikuguswa hata herufi, na Mahakama ya Juu ilikwisha kuamua mwaka 2005, katika kesi ya Raich iliyotoka California, kwa majaji sita dhidi ya watatu, kwamba serikali ya Washington ina mamlaka hata juu ya mche ambao mgonjwa ameuotesha nyumbani kwa matumizi yake. Ila Washington haiwezi kumlazimisha polisi wa jimbo kuitekelezea sheria hiyo, na maafisa wake wenyewe ni wachache. Maduka yako wazi kwa sababu yameachiwa. Mwaka 2013 Wizara ya Sheria ilitoa waraka wa kuwataka waendesha mashtaka waelekeze nguvu kwingine. Januari 2018 Jeff Sessions, aliyekuwa Waziri wa Sheria, akaufuta kwa karatasi moja.

Mimi mvutano huo niliukuta daftarini. Benki ilitufungia akaunti, kwa hiyo kila Jumatatu tulihesabu noti katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha, na noti zenyewe zilinuka bangi hata ukinawa mikono mara mbili. Kodi ya shirikisho tuliilipa kwa noti hizohizo. Tena kifungu cha 280E cha sheria ya kodi, cha mwaka 1982, kinamkataza mwenye biashara ya dawa zilizopigwa marufuku kuondoa gharama zake, isipokuwa gharama ya bidhaa yenyewe. Chukua mfano: duka limeuza dola 100,000, bidhaa iligharimu 60,000, pango na mishahara 30,000. Faida ya kweli ni 10,000, lakini kodi inapigwa juu ya 40,000. Kwa kiwango cha leo cha asilimia 21, ni dola 8,400. Serikali inaiita biashara haramu, kisha inakula faida karibu yote.

Hayo ni maumivu ya tajiri. Ya mdogo wako ni mengine, kwa sababu uhamiaji ni mamlaka ya shirikisho na jimbo halina la kusema. Fomu ya kuomba uraia inauliza kuhusu kuuza au kusambaza dawa za kulevya, na Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji iliandika bayana kwamba kujihusisha na bangi, hata pale jimbo liliporuhusu, kunaweza kumwondolea mwombaji sifa ya mwenendo mwema. Mwaka huohuo nilikuwa nikiandaa maombi yangu. Wakili alichukua hati yangu ya mwisho ya mshahara, akahesabu miaka mitano kutoka tarehe ile, maana ndicho kipindi ambacho mwenendo wa mwombaji huangaliwa, akaniambia nisipeleke chochote kabla ya Oktoba 2021, wala nisisafiri nje ya nchi bila kumwuliza. Mama yangu aliye Tanga, ambaye ningeweza kumwombea ukaazi nikiwa raia tu, akasubiri pamoja nami.

Msitarajie siasa zilirekebishe hili upesi. Bangi ya tiba ilipata kinga ya bajeti mwaka 2014, yaani Wizara ya Sheria ilikatazwa kutumia fedha zake kuyazuia majimbo yaliyoiruhusu, kwa sababu wagonjwa wana kura. Wenye maduka wana washawishi, na Seneta Cory Gardner, Mrepublikan wa Colorado, alizuia uteuzi wa maafisa wa Wizara ya Sheria mwaka 2018 kwa ajili yao. Mgeni hana kura wala mshawishi. Hata pendekezo la mwaka 2024 la kuishusha bangi hadi daraja la tatu lingemwondolea tajiri kile kifungu cha 280E, huku sheria ya uhamiaji ikiendelea kuihesabu kuwa dawa iliyodhibitiwa, maana inataja madaraja yote.

Kwa hiyo barua ya ajira, kabla ya kuisaini, aipeleke kwa wakili wa uhamiaji, asiwe wakili wa duka. Wakili wa duka letu alinihakikishia kwa moyo mweupe kwamba kila kitu ni halali, na kwa sheria ya Colorado hakukosea.