Kinachonizungusha Magomeni kila asubuhi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza: kama daktari ameniambia nitembee kwa ajili ya presha, si nihamie huko kwako Goba nitembee kwenye hewa safi? Huku Magomeni kwenye kelele na bodaboda nazunguka kuangalia nini? Kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, kwa hiyo nimekaa nikuandikie.

Natoka nikishaswali alfajiri. Saa hizo mtaa ni wa wenye mafagio. Njiti zinakwaruza mchanga mlango hadi mlango, na kila mfagiaji lazima asalimiwe. Shikamoo, marahaba, umeamkaje, mguu unaendeleaje. Sijafika kona nimeshajua nani mgonjwa, nani kasafiri, nani kapewa notisi kwa ajili ya kodi. Na pasipofagiwa, nauliza. Juzi juzi kwa yule bibi anayeuza ubuyu majani ya mkungu yalikuwa yamelala barazani tangu jana yake. Nikagonga. Yumo ndani, homa imembana, simu imeisha chaji. Tukamwita kijana wa bajaji akampeleka hospitali.

Zile nyumba za vyumba sita ulizokulia, vitatu huku vitatu huku, ukumbi katikati na uani nyuma, zimepungua sana. Zilizo kando ya barabara wamekata baraza wakajenga fremu: huku saluni ya kiume, huku wakala wa miamala, huku chipsi. Ndani ya mitaa ghorofa zinaota mojamoja, ukuta umekuja mpaka njiani, geti jeusi. Nikipita hapo naharakisha tu, maana hakuna wa kumsalimia isipokuwa mlinzi, naye anasinzia. Ila zilizobaki bado zina vituko vyake. Ipo moja kila nikipita mita ya Luku inalia ukumbini kwamba umeme unakaribia kuisha, na wapangaji wote wako uani wanapiga mswaki, kila mmoja anajifanya hasikii, anasubiri mwenzake anunue umeme.

Sisemi ghorofa ni mbaya. Wale wenzetu wa Magomeni Kota, waliobomolewa nyumba wakasubiri miaka hadi wakakata tamaa, walipokabidhiwa nyumba mpya mwaka 2022, familia 644, nilikwenda kumpongeza shoga yangu. Choo ndani, bafu ndani. Ana haki ya kuringa. Lakini asubuhi anashuka ngazi zote hizo kufuata vitumbua, akifika chini ananikuta mimi, tunaongea mpaka vinapoa.

Nikivuka Morogoro Road pale Usalama navuka na watoto wa shule, shati jeupe na bluu, wakubwa wamewashika wadogo mikono. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze 2016 kuvuka kunahitaji macho manne. Ng'ambo kuna kijiwe cha kahawa. Mimi sikai na wanaume, lakini napita polepole, kwa sababu mvua ikinyesha usiku ni hapo ninapojua kama Jangwani kumejaa maji na barabara imefungwa, kabla redio haijasema. Baada ya hapo ni Simba na Yanga, sina haja. Siku nyingine nafika hadi nyumba ya Mwalimu Nyerere, aliyoishi enzi za kudai uhuru, ambayo sasa ni makumbusho. Wageni wanaoletwa kuiona nawaona wanavyoshangaa udogo wake.

Huko kwako nilitembea, unakumbuka, mwezi ule wa mfungo. Nilikutana na mbwa na magari ya vioo vyeusi. Dada mmoja nilipomsalimia alishtuka kana kwamba namkaba. Hewa ni safi kweli, sibishi. Lakini ningeanguka pale kwenye kona, nani angejua mimi ni mama wa nani? Hapa nikichelewa kutoka, muuza vitumbua anamtuma mwanawe aje aulize. Ndicho ninachokifuata asubuhi. Naangalia watu, na wao wananiangalia.

Kuna jambo jingine nililiona, ambalo wewe hukuliuliza. Mtaa wa nyuma wameandika ukutani kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Mtu akiandika hivyo, mara nyingi ujue kuna mtoto wake ameshaanza kuiuza. Nikacheka, nikaendelea na safari yangu. Wiki hiyohiyo dalali mmoja akanipigia, ananiita mama kwa heshima zote, anasema kiwanja chetu kina wateja na kwamba "kijana wako alisema tuongee."

Jumapili mje na wajukuu. Gari liacheni nyumbani, hapa hakuna pa kuegesha tangu jirani ajenge fremu. Pandeni mwendokasi mshuke Usalama. Nitapika wali na samaki wa nazi. Dalali nimemwambia naye aje saa nane, tukiwa sote mezani, aeleze vizuri namba yangu alipewa na nani.

Mama yako