Nadharia ya utafiti wa TEHAMA ichague kwa swali lako, sio kwa mazoea

Wadogo zangu mnaosoma masta mnanitumia sana sura ya pili, ile ya nadharia, niwapitie, na wengi mnaoandika kuhusu TEHAMA na ujumuishi, yaani nani anafikiwa na teknolojia na nani anaachwa, mmeweka modeli ileile ya Fred Davis ya 1989, ile ya mtu kuona teknolojia ina faida na ni rahisi kutumia. Modeli nzuri tu kama unachunguza wahasibu wanaoletewa programu mpya ofisini. Ila ukitaka kujua nani kaachwa nje itakupeleka kutafuta tatizo kwenye kichwa cha mtu, yaani mama hatumii pesa za simu basi hajaelimishwa, mwisho unapendekeza semina.

Mimi fildi niliingia na nadharia ya mchumi Amartya Sen, yeye anataka ujue mtu anaweza kufanya nini na alichonacho na nini kinamzuia. Hapo ndo nilianza kuona vitu. Chukua usajili wa laini kwa alama za vidole hapa Tanzania, ulianza Mei 2019 na tarehe ya mwisho ikawa Januari 20, 2020, bila namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, husajili. Nimekutana na kina mama ambao laini zao ziko kwa jina la mume au mtoto. Kwenye dodoso anajibu ana simu, wewe unatiki kwamba kajumuishwa, lakini laini ikipotea hawezi kwenda kuirudisha mpaka mwenye jina aende, na wakigombana je? Mtu wa namna hiyo anajua vizuri kabisa faida ya simu, semina haimsaidii chochote!

Bourdieu naye, mwanasosholojia wa Ufaransa, usimwache, atakusaidia kuona nani ana mtu wa kumkimbilia akikwama, maana wengine msaada wao pekee ni wakala.

Sasa usiishie kuandika kurasa za maelezo ya Sen halafu dodoso halimjui kabisa. Kila dhana igeuze iwe swali la kuulizika barazani: laini ina jina la nani, nani anasoma meseji ikiingia, pesa ikiingia nani anaamua itoke, mara ya mwisho ulikwama ukamwita nani. Maswali haya uliza mkiwa wawili tu, wewe na huyo mama, mume akiwa amekaa pembeni majibu yanabadilika. Na mtu akikutajia PIN yake, wengine wanataja tu bila kuombwa, usiiandike popote, mwambie aibadilishe.