Kujitolea hospitali za nje kabla ya kuomba udaktari Marekani

Wiki mbili za kujitolea hospitali ya Arusha au Moshi hazimpi mtu nafasi katika chuo cha udaktari Marekani. Kumnyima, zinaweza.

Tazama fomu yenyewe. AMCAS, mfumo ambao vyuo vingi vya MD (shahada ya udaktari) hupokelea maombi, unakupa nafasi 15 za shughuli, kila moja maelezo yasiyozidi herufi 700. Tatu unaweza kuzitaja kuwa ndizo zilizokugusa zaidi na kuongezewa herufi 1,325. Kila shughuli ina tarehe, jumla ya saa na mtu wa kuulizwa. Piga hesabu: wiki mbili, siku tano kwa wiki, saa sita kwa siku, ni saa 60. Anayejitolea kliniki ya jirani kila Jumamosi kwa muda wa saa nne anapita 200 kwa mwaka, na huyo ndiye anayeonekana ana mwendelezo.

Hatari kubwa ni kujisifia usichosomea. AAMC, chama cha vyuo vya udaktari vya Marekani, ilitoa mwongozo mwaka 2011 kuhusu wanafunzi wanaohudumia wagonjwa nje ya nchi, na msingi wake ni huu: usichoruhusiwa kukifanya kwenu, usikifanye ugenini. Ukiandika "nilishona majeraha" au "nilizalisha", umejishtaki mwenyewe. Msomaji atajiuliza nani alimwomba mgonjwa ridhaa, na kwa lugha gani. Wodi ikielemewa, utakabidhiwa sindano kwa nia njema kabisa, hasa ukiwa mgeni mwenye koti jeupe. Jibu: "Samahani sista, sijasomea. Nikusaidie mafaili?" Picha na wagonjwa, hasa watoto, usipige wala usiposti.

Kabla ya kukata tiketi, pata barua ya hospitali inayotaja msimamizi wako na mipaka ya kazi yako, pamoja na barua pepe yake anayoifungua kweli. Visa ya utalii haikuruhusu kujitolea Tanzania. Kibali cha ukaazi daraja C ndicho kinachowahusu wajitoleaji. Wakala akikwambia "njoo tu kama mtalii", mwache.

Kwenye maelezo, ile sentensi ya "watu ni maskini lakini wana furaha" ifute. Kamati za udahili zimeichoka, na kusema kweli inatudhalilisha sisi tunaotoka huko. Andika jambo moja ulilolishuhudia: mama mwenye presha aliyeacha dawa kwa sababu bima imekwisha muda, daktari alibadilisha nini, nawe uliporudi ulifanya nini. Swali hilo la mwisho jiandae nalo kwenye usaili. Kama hukufanya lolote, safari usiiweke kati ya zile shughuli tatu zilizokugusa zaidi.

Kwa vijana wa Kiswahili mlioko Marekani, kuna njia ya karibu zaidi. Wakimbizi wa Kongo wanaozungumza Kiswahili wako Kentucky, Texas, Iowa na kwingineko, na hospitali zinahitaji wakalimani. Kuongea Kiswahili nyumbani hakutoshi: vyeti vya kitaifa vya ukalimani wa tiba vinadai angalau saa 40 za mafunzo. Humo utajifunza istilahi za mwili na dawa, kutunza siri, na kutoongeza wala kupunguza neno la mgonjwa hata likikukera. Ukishahitimu utakaa chumba kimoja na daktari na mgonjwa wiki hadi wiki, na mara nyingi utalipwa.