Kadio kwa anayeanza jimu: punguza spidi kwanza

Wasomaji wanaoanza kadio, yaani mazoezi ya moyo na pumzi, huniandikia swali lile lile: "Nikipanda tredimili, ile mashine ya kukimbilia, dakika tano tu pumzi inakata. Nina tatizo la moyo?" Mara nyingi tatizo ni spidi. Mtu ameingia jimu leo, kamwona jirani yake anakimbia kilomita 10 kwa saa, naye kabonyeza hapo hapo.

Kipimo rahisi ni mdomo wako. Ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko mahali pake. Ukijibu kwa neno moja moja, shusha. Wenye saa ya kupima mapigo wachukue 220 watoe umri wao: mwenye miaka 35 anapata 185, na kiwango cha wastani ni asilimia 64 hadi 76 ya hapo, yaani mapigo 118 hadi 141 kwa dakika. Ni makadirio tu, watu wa rika moja hutofautiana sana. Anayemeza dawa za presha kama atenolol au propranolol aiache hesabu hiyo kabisa, maana dawa hizo huzuia mapigo yasipande. Atumie kipimo cha kuongea.

Kwenye tredimili, usiwashe ukiwa umesimama juu ya mkanda. Kanyaga kingo mbili za pembeni, bana klipu ya usalama kwenye nguo, washa kwa kilomita 2 kwa saa, ndipo uingie. Dakika 5 tembea kwa spidi 4, kisha 20 kwa 5 au 5.5, kisha 5 za kushusha. Mikono iachie! Ukining'inia kwenye vishikio, mikono inabeba sehemu ya uzito wako, na kalori zinazoonyeshwa kwenye skrini ya mashine si zako. Kama huwezi bila kushika, mwinuko au spidi imezidi.

Ongeza dakika kwanza, hadi ufike 40 bila taabu. Kisha mwinuko, asilimia 1 hadi 4. Spidi iwe ya mwisho. Sababu ni kwamba moyo na mapafu huzoea ndani ya wiki chache, lakini mifupa na kano huchelewa. Ndiyo maana wengi wanaoharakisha huishia na maumivu ya muundi, na jimu wanaikimbia.

Mwenye magoti mabovu au uzito mkubwa aanzie kwenye baiskeli. Weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Ukikanyaga pedali hiyo kwa mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Kiti kikiwa chini sana, goti huuma kwa mbele. Kikiwa juu sana, nyonga zinayumba huku na huku.

Mashine ya kupiga makasia inaharibiwa na wanaovuta kwa mikono. Sukuma kwa miguu, kisha egemea nyuma kidogo, mwisho vuta mpini hadi chini ya kifua. Kurudi ni kinyume chake: mikono, kiwiliwili, miguu. Kidhibiti cha hewa kiweke 3 hadi 5. 10 ni kuchosha kiuno bure.

Usishuke ghafla. Damu imejaa miguuni, na misuli ikiacha kuisukuma ghafla, kichwa kinazunguka. Tembea taratibu dakika 5.

Na hizo nailoni mnazojifunga tumboni, tafadhali acheni. Kinachotoka ni maji, mkinywa glasi mbili uzito umerudi, na joto likikosa pa kutokea mtu anaweza kuzimia.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima angalau dakika 150 za kiwango cha wastani kwa wiki: nusu saa kwa siku tano inatosha. Ukisikia kifua kinabana, maumivu yakipanda taya au mkono wa kushoto, simama papo hapo, mwite mwalimu na uende hospitali mara moja, hata kama maumivu yamekwisha.