Una kofia za kauri mdomoni? Uliza aina ya jeli kabla ya kupakwa floraidi

Katika maabara ya meno ninayofanyia kazi hapa Nakuru, kazi nyingi za meno ya mbele ni za watu waliokunywa maji ya huku wakiwa wadogo. Miamba ya Bonde la Ufa ni ya volkano, na visima vingi hutoa maji yenye floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa maji hayo katika miaka yake minane ya kwanza, wakati meno ya kudumu yangali yanajijenga ndani ya ufizi, meno hayo humtoka yakiwa na madoa meupe au ya kahawia ambayo hakuna mswaki utakaoyatoa. Akishakua na kupata kipato chake, anakuja kutafuta kofia za kauri zinazofunika jino zima, au veniya, yale maganda membamba yanayobandikwa mbele ya jino.

Huyo ndiye ninayemwandikia. Floraidi ilimharibia meno utotoni, na sasa kuna aina moja ya floraidi inayoweza kumharibia kauri aliyoilipia kwa jasho lake. Juu ya hayo, floraidi bado anaihitaji. Nimewaona watu wakishindwa kuyatenganisha mambo haya, na wakashindwa kwa sababu hakuna aliyewaeleza.

Kauri ya meno, ile ninayoipaka kwa brashi tabaka juu ya tabaka na kuichoma kwenye tanuri karibu nyuzi 900, kwa sehemu kubwa ni kioo. Mwisho huchomwa tena ipate glezi, na glezi ndiyo hulifanya jino ling'ae na kuteleza ulimi unapolipitia. Kisha, kabla ya veniya kubandikwa, upande wake wa ndani hupakwa asidi ya haidrofloriki. Asidi hiyo hula kioo na kuacha vishimo vidogo mno, gundi ipate pa kushika. Ukishaiosha na kuikausha, upande ule huwa mweupe usiong'aa, kama ukuta uliopakwa chokaa. Tunaishika kwa glavu na miwani, maana ni asidi ya kuogopwa.

Sasa tazama jeli inayoitwa APF, ambayo imetumika katika kliniki za meno kwa miaka mingi. Ina floraidi asilimia 1.23 pamoja na asidi ya fosforiki, na pH yake ni kama 3.5. Katika uchachu huo, sehemu ya floraidi huungana na haidrojeni ikawa asidi ileile ya haidrofloriki, ingawa ni kidogo. Imetengenezwa hivyo kwa makusudi: uchachu huisaidia floraidi kuingia haraka kwenye jino la asili katika zile dakika nne ambazo trei yenye jeli inakaa mdomoni. Jino lako linafaidika. Kauri iliyo jirani yake haifaidiki kwa lolote, inaliwa tu.

Mwalimu mmoja kutoka upande wa Elementaita aliwahi kutumwa kwetu na daktari wake tulinganishe rangi, kwa kuwa alitaka kofia zake za mbele zibadilishwe. Alikuwa na hakika kwamba zilitengenezwa vibaya.

“Fundi, haya yamefifia. Na chai inashika kama kwenye kikombe cha zamani.”

“Pole, mwalimu. Tangu uwekewe, umewahi kupakwa dawa yoyote ya floraidi?”

“Kila nikienda kusafishwa napewa ile ya trei, ya kuchachuka.”

Kofia hazikuwa na ufa, wala rangi ya ndani haikubadilika. Glezi ndiyo iliyokuwa imekwisha upande wa mbele, na ukipitisha ncha ya chombo ulihisi mkwaruzo. Hili huja polepole. Kupakwa mara moja huenda usione kitu, lakini kupakwa tena na tena, mwaka baada ya mwaka, huacha alama. Uso ukishakwaruka, ukoga hupata pa kung'ang'ania, ufizi ulio karibu huvimba, na chai na kahawa huacha rangi. Hata jino la asili linalokutana na kauri hiyo wakati wa kutafuna huanza kusagika.

Kwa hiyo, unapoketi kwenye kiti cha daktari, sema mapema: “Daktari, nina kofia za kauri. Naomba floraidi isiyo na asidi.” Usingoje uulizwe. Jeli ya sodiamu floraidi ya asilimia 2 ipo, na haina uchachu. Ipo pia vanishi ya sodiamu floraidi ya asilimia 5, inayopakwa kwa brashi ndogo na kuganda palepale. Vanishi hiyo ina floraidi sehemu 22,600 kwa milioni, karibu mara mbili ya ile jeli chachu, na bado haidhuru kauri. Shida ni asidi, si wingi wa floraidi. Kama kliniki ina APF pekee na unaihitaji kweli, omba kauri zipakwe vaselini kwanza, au trei isifike kwenye meno hayo.

Dawa ya meno ya kila siku, yenye floraidi sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, isikutie hofu. Wapo waliokuja kwetu wakisema wameiacha kabisa kwa sababu “floraidi ndiyo ilituchoma tukiwa watoto.” Nawasihi wairudie. Kauri yenyewe haiozi, lakini jino lililo chini yake huoza, na huanzia pale ukingo wa kofia unapokutana na ufizi. Kofia nyingi huharibikia hapo. Kupiga mswaki ukatema si sawa na kunywa maji ya kisima kila siku ukiwa na miaka mitatu. Anayekaukwa na mate baada ya kupigwa mionzi ya saratani ya kichwa au shingo anaihitaji floraidi zaidi ya sisi wote; yeye aandikiwe isiyo na asidi, kwa kuwa huenda akaitumia kila siku.

Kofia za zirkonia, aina ya kauri ngumu sana, hazina kioo, kwa hiyo jeli chachu haizigusi sana. Lakini nyingi za meno ya mbele hupakwa kauri ya kawaida juu ili zifanane na jino, na tabaka hilo huliwa vilevile. Mjazo wa rangi ya jino nao una chembe za kioo, kwa hiyo nao huweza kuliwa.

Kama mng'aro umeshapotea, usikimbilie kubadilisha. Kofia iliyokwisha kubandikwa hairudi kwenye tanuri, ila daktari anaweza kuisugua kwa mipira maalumu na krimu ya almasi mpaka ilainike tena. Mwalimu yule alifanyiwa hivyo, akabaki na kofia zake. Na ukiwekewa mpya, omba uandikiwe jina la kauri iliyotumika, kisha upige picha karatasi hiyo kwa simu. Ukihama kutoka Nakuru ukatibiwe Kisumu au Kakamega, daktari wa huko hawezi kujua kwa kutazama tu mdomoni.