Wii ya Marekani, CD ya Ulaya: usikubali hiyo apdeti

Ndugu, unasema Wii yako (mashine ya gemu ya Nintendo) ya huko Birere imekwisha kufunguliwa ikubali programu zisizo rasmi, toleo la mfumo wake ni 3.2U, na CD ya Ulaya inaomba apdeti kabla ya kucheza. Toa hiyo CD. Herufi ya mwisho ya toleo ndiyo ya kuangalia: U ni Marekani, E Ulaya, J Japani, K Korea. Apdeti ya E ikiingia kwenye mfumo wa U, menyu ya E inagombana na mipangilio ya U. Yangu iliwaka vizuri tu, ila kila nikigusa mipangilio, kosa.

Anza na programu ya BootMii: nakili NAND yote (kumbukumbu ya ndani ya Wii), ni MB 512, kwenye kadi ya SD, halafu uihifadhi kwa kompyuta. Fanya hivyo ukiwa kwenye inveta, si saa za jioni umeme unapokwenda na kurudi. (Na kama adapta bado ni ile ya Marekani, ya volti 120, sijui imeponaje na 220 zetu!)

Kisha weka programu ya Priiloader, uzuie apdeti za CD na za intaneti. Gemu za Ulaya zifungulie kwa programu ya USB Loader GX.

Kabla ya kwenda toleo la 4.3, ambayo ndiyo ya mwisho tangu 2010, geuza mashine usome namba ya nyuma. Ikianza na LKM, ilikuwa ya soko la Korea na mtu akaibadilisha kuwa U. Hiyo usiipandishe kabisa: kuanzia 4.2 inatoa kosa 003 na haiwaki tena. Tuandikie hizo herufi tatu.