Gari Linachemsha Foleni, Mihogo Inasubiri

SWALI: Jumamosi jioni tunatoka Tabata marafiki watano kwenda Coco Beach kula mihogo na mishikaki. Gari ni langu, Toyota ya cc 1500. Siku hizi tukinasa kwenye foleni Magomeni, taa nyekundu ya joto inawaka. Tukipata barabara wazi inazima yenyewe. Fundi anataka kutoa themostati. Mfukoni nimebanwa, maana mwisho wa mwezi mdogo wangu wa kike ana sendofu na nimeahidi laki tatu. Nianze na lipi?
*Msomaji, Tabata*

JIBU: Ndugu yetu, themostati, ile vali inayofunguka kwa joto na kuruhusu maji kwenda kwenye rejeta, iache mahali pake kwanza. Umeshatueleza pa kuanzia: gari likichemka limesimama na kupoa likitembea, mara nyingi shida ni upepo. Ukiwa mwendoni hewa inapita yenyewe kwenye rejeta. Ukisimama foleni, kazi yote inabaki kwa feni.

Asubuhi injini ikiwa baridi, washa gari, washa AC, kisha fungua boneti. Kwenye magari mengi madogo ya Kijapani feni huanza kuzunguka AC inapowashwa. Weka mikono mbali, kwa sababu feni ya umeme inaweza kuanza yenyewe wakati wowote. Isipozunguka, angalia fyuzi yake, halafu chomoa relei ya feni, yaani swichi yake ndogo ya umeme, uweke nyingine ya aina ileile kutoka kwenye boksi hilohilo, kwa mfano ya honi. Bado kimya? Fundi aipe mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikizunguka kwa kasi, mota ni nzima na kosa liko kwenye nyaya, kiungio chake cha umeme au sensa ya joto. Ikizunguka kwa uvivu, kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota zimekwisha, na feni ya namna hiyo ndiyo inayodanganya wengi: wanaiona inazunguka, wanaivuka.

Feni ikiwa nzima, chungulia katikati ya rejeta na kondensa, ile inayofanana na rejeta lakini ni ya AC. Hapo hukaa vumbi, wadudu na tope lililoganda kama blanketi. Oshea kwa mpira wa maji ya kawaida kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya kuoshea magari ikielekezwa karibu hulaza mapezi ya rejeta, na yakilala hewa haipiti tena. Hakikisha pia kava ya plastiki inayozunguka feni ipo. Magari yaliyowahi kugongwa mbele mara nyingi hurudi bila kava hiyo, na feni inabaki kuvuta hewa ya pembeni.

Kingine cha bei ndogo ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko wa presha 0.9 hufanya maji yachemke karibu nyuzi 118 badala ya 100. Mpira wake ukichoka, maji yanakimbilia kwenye chupa ya akiba na hayarudi. Ukikuta chupa imejaa na rejeta imepungua, nunua mfuniko wenye namba ileile ya presha.

Kwa nini tunapinga kutoa themostati? Kwenye injini nyingi, ikiondolewa, njia ya mkato ya maji ndani ya injini inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye rejeta. Barabara ikiwa wazi injini nayo inabaki baridi mno, inakula mafuta na kuchakaa. Kama inashukiwa, itumbukize kwenye sufuria ya maji uyapashe: nyingi hufunguka kuanzia nyuzi 82 hivi. Ikibaki imefunga hata maji yakitokota, weka mpya.

Usijaze maji ya kisima. Mengi ya hapa Dar yana chumvi, na chumvi inaziba rejeta na kula aluminiamu. Tumia kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini; ile nzito ichanganywe nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale yanayouzwa kama maji ya betri. Soma chupa vizuri, kwa sababu asidi ya betri nayo huuzwa hapohapo.

Taa ikiwaka tena njiani, zima AC, washa hita ya ndani hadi mwisho, shusha vioo na utafute pa kuegesha. Ukiona mvuke, zima injini. Mfuniko usiuguse kwa nusu saa au zaidi, na injini usiimwagie maji baridi, silinda hedi itapinda. Kulanti ikipungua bila kuvuja popote, au oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, shaka inahamia kwenye gasketi ya silinda hedi. Hapo Coco ingoje.

Kuhusu sendofu, mpigie mweka hazina wa kamati wiki hii. Ahadi yako imeshaingia kwenye bajeti ya ukumbi na chakula. Toa sehemu sasa, taja tarehe ya kumalizia. Wanaoumiza kamati ni wanaonyamaza hadi siku ya shughuli.

SWALI: Sisi tunaopewa lifti kila wiki tumchangie mwenye gari kiasi gani?
*Abiria, Segerea*

JIBU: Pigeni hesabu ya mafuta. Kwa mfano, mzunguko wa kilomita 30, gari likienda kilomita 10 kwa lita kwenye foleni, ni lita 3. Zidisheni kwa bei ya mwezi huo. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Gaweni kwa idadi yenu garini, dereva akiwemo. Ongezeni kidogo cha oili na matairi, na mpeni kabla ya kuagiza chakula.

SWALI: Mihogo yangu ya kukaanga inakuwa migumu ndani. Nakosea wapi?
*Mama Wawili, Kimara*

JIBU: Mama, unaikaanga mibichi. Imenye hadi ganda la ndani litoke, ipasue, ichemshe kwa maji ya chumvi dakika 15 hadi 20 mpaka uma uingie bila kuivunja, ichuje na uiache ikauke. Toa ule uzi wa katikati. Ndipo ikaange kwenye mafuta ya moto sana. Sokoni mwombe muuzaji avunje ncha: muhogo mzuri unakatika kwa mlio na ni mweupe pe. Wenye mistari ya bluu au nyeusi urudishe, na ulio mchungu usiule.